Naomba ushauri: kufunga naitrasi kwenye GX100 ya zamani

Wakuu, habari zenu. Nina Toyota Mark II GX100, injini ya 1G-FE, silinda sita, lita 2, imeshatembea kilomita 214,000. Nimepata mtungi wa naitrasi (gesi ya nitrous oxide ya kuongezea injini nguvu) na vifaa vyake kwa jamaa anayeuza gari lake la mashindano. Natamani kuongeza nguvu za farasi 35 hadi 50 tu, tena uwanjani, si barabarani.

Ninavyoelewa, gesi ile ikipata joto la silinda inavunjika na kuachia oksijeni, hivyo injini inachoma petroli nyingi zaidi kwa mpigo mmoja. Petroli isipoongezeka sambamba, mchanganyiko unakuwa mkavu (oksijeni nyingi, petroli kidogo) na pistoni inayeyuka. Hapo ndipo roho yangu inaposita.

Wiki iliyopita tulipima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda. Silinda zote zimesoma karibu psi 170, isipokuwa namba tano iliyosoma 140. Plagi yake ilitoka nyeusi, ina utelezi wa oili kwenye nyuzi. Fundi wangu anasema funga tu, 1G ni ngumu. Mimi sijaridhika, na gari hili alininunulia marehemu baba.

Je, nibadilishe ringi za pistoni kwanza? Pampu ya petroli ya kiwandani itatosha, au niweke kubwa? Taimingi (wakati plagi inapowasha) nirudishe nyuma digrii ngapi? Nasikia ni 2 kwa kila farasi 50. Aliyewahi kufunga kwenye 1G iliyochoka naomba aniambie ukweli, hata kama ni kuniambia niache.