Mrejesho: Gurudumu la nyuma lilikuwa likicheza kwa sababu ya beringi

Wadau, niliomba ushauri kuhusu pikipiki iliyokuwa ikinguruma nyuma na kuyumba kwenye kona, nanyi mkaniambia nikague beringi, zile ringi mbili zenye gololi katikati zinazoliwezesha gurudumu kuzunguka kwenye ekseli, kabla ya kulilaumu tairi. Mlikuwa sahihi, na nawashukuru kwa dhati.

Niliiweka pikipiki kwenye stendi ya katikati, nikalishika gurudumu juu na chini, nikalisukuma na kulivuta. Lilicheza, ilhali uma wa nyuma unaolibeba haukusogea hata kidogo, kwa hiyo bushi zake, yaani vipande vya mviringo vilivyo kwenye maungio yake, hazikuhusika. Baada ya kuchomoa ekseli niliingiza kidole katika ringi ya ndani ya beringi ya upande wa cheni. Ilizunguka kwa kukwaruza, ikikwama na kuachia, na sili yake (kifuniko cha kuzuia maji na vumbi) iliyopasuka ilikuwa imeruhusu maji yageuze grisi kuwa tope la rangi ya kutu. Ya upande wa breki ilikuwa na nafuu, lakini nilibadilisha zote, kwa kufuata namba zilizochongwa ubavuni mwa zile kuukuu.

Jambo ninalowasihi mlizingatie ni uwekaji. Beringi igongwe kwenye ringi ya nje tu, kwa soketi ya spana yenye kipenyo kinachokaribiana nayo, kwani ukigonga ringi ya ndani nguvu hupitia kwenye gololi na kuziumiza hata kabla hazijaanza kazi. Bomba linalotenganisha beringi mbili nalo lisisahaulike, maana bila hilo nati ya ekseli ikikazwa huzibana beringi kwa pembeni na kuziua mapema.

Mngurumo umekwisha, na gurudumu halichezi tena.