Mjadala: Asiye na leseni ya maabara apewe cheti cha kuchukua damu, au asiguse sindano kabisa?

Mwanzisha mada (mteknolojia wa maabara, Moshi):

Kuna sampuli niliyoipokea kutoka zahanati moja ya pembezoni mwa mji ambayo mpaka leo haijanitoka kichwani. Mgonjwa ni mama mwenye kisukari, ameombewa vipimo vya figo na chumvi za damu. Mashine ikatoa potasiamu zaidi ya 9, kalisi imeshuka hadi karibu haipo. Kwa namba zile, moyo wa mtu huyo ulipaswa kuwa umesimama. Nikapiga simu zahanati kwa haraka. Nikaambiwa mama yuko benchi la nje anakunywa chai.

Aliyemtoa damu ni kijana anayejitolea pale. Nilimfahamu baadaye, na nasema bila kusita kwamba mkono wake ni mzuri: mshipa anaupata mara moja, mgonjwa hatokwi na uvimbe. Kosa lake lilikuwa dogo sana kwa macho. Alijaza tyubu ya kizibo cha zambarau, akaona ile ya kizibo chekundu, ya vipimo hivi, imepungua, akamiminia kidogo kutoka ile ya zambarau. Ndani ya zambarau kuna dawa ya kuzuia damu isigande, nayo ni chumvi ya potasiamu inayokamata kalisi yote inayoikuta. Hakuna mtu aliyewahi kumweleza hilo. Majibu yale yangetoka bila mtu kuyatilia shaka, mama angewekewa dawa ya kushusha potasiamu aliyokuwa nayo kawaida kabisa, na hapo ndipo moyo ungeyumba kweli.

Sheria ya Tanzania ya Wataalamu wa Maabara za Afya ya 2007 inataka anayefanya kazi hii asajiliwe na Baraza na awe na leseni. Lakini tuliofanya kazi huku tunajua ni nani anayeshika sindano saa 1 asubuhi foleni inapofika getini. Ni mhudumu wa afya, ni anayejitolea, ni mwanafunzi aliyemaliza na hajasajiliwa. Tunawaona, tunawahitaji, na kwenye karatasi hawapo.

Jimbo la California, Marekani, lilikutana na jambo hili kwa njia mbaya. Mwaka 1999 iligundulika kwamba mchukua damu wa maabara moja mjini Palo Alto alikuwa akirudia sindano zilizokwisha kutumika, na maelfu ya wagonjwa wakaitwa kwenda kupimwa. Sheria ikatungwa mwaka huohuo, na kanuni zake zikaanza kutumika Aprili 2003. Asiye na leseni nyingine ya afya lazima apate cheti: saa 40 za darasani, saa 40 za vitendo, achome mishipa isiyopungua 50 na vidole au visigino 10 kwa watu halisi, kisha afanye mtihani. Kuna cheti cha chini pia, cha anayechoma kidole tu. Waliokuwa kazini tayari hawakufukuzwa. Walipewa miaka 3, na mwenye uzoefu wa saa 1,040 alifupishiwa njia.

Msimamo wangu ni kwamba na sisi tuwe na cheti cha kazi hii moja. Aliyeko kazini ajaribiwe mkono wake na kichwa chake, akifaulu aandikwe, akishindwa afundishwe. Karibuni.

Mfawidhi wa zahanati, Rombo:

Dada, sikatai hoja ya tyubu. Nakuuliza ya kwangu. Nina msaidizi wa maabara mmoja. Siku ya kliniki ya wajawazito kila mama anatakiwa kupimwa virusi vya ukimwi, kaswende na wingi wa damu, na siku hiyohiyo kuna watoto wenye homa wanaosubiri kipimo cha malaria. Msaidizi wangu akishika sindano, hadubini inalala. Akishika hadubini, sindano inashikwa na mhudumu. Hakuna wa tatu.

Sasa mnaandika kanuni mjini, inakuja na tarehe. Saa 80 ni wiki 2 za kazi. Mhudumu huyo akienda Moshi wiki 2, nani atabaki? Nauli ya nani, atalala wapi, posho inatoka fungu gani? Kule ulikokutaja mtu analipa ada kwa sababu cheti kinampa ajira. Huku kwetu cheti kitamwongezea mhudumu wajibu, mshahara ubaki uleule. Msipojibu hilo kwanza, kanuni itakaa kwenye faili na sindano itaendelea kushikwa na aliyeishika jana.

Mwenye diploma, Ngarenaro, Arusha:

Mimi napinga, na napinga kwa nguvu. Nimesoma maabara miaka 3. Wazazi wangu waliuza ng'ombe. Nimesajiliwa, leseni nalipia, na niko nyumbani mwaka wa pili. Darasani kwetu tuko wengi wa namna hii. Leo mnasema kuna upungufu wa watu wa kuchukua damu? Watu wapo, wasioajiriwa.

Mkitoa cheti cha wiki 2, mwenye maabara binafsi atafanya hesabu moja tu. Atamweka mtu mmoja mwenye leseni ukutani, kwa maana ya karatasi yake kwenye fremu, halafu atajaza wenye vyeti vya wiki 2 kwa robo ya mshahara. Kosa la zambarau mtakuwa mmelihalalisha kwa mhuri.

Na huo mfano wa California mnautaja kama vile Marekani yote imekubaliana. Majimbo yanayodai cheti cha kuchukua damu ni 4: California, Louisiana, Nevada na Washington. Yaliyobaki yanaachia mwajiri. Kama wenyewe kwa wenyewe hawajakubaliana, kwa nini sisi tukimbilie? Ajirini waliosoma.

Mhudumu wa afya, Hai:

Nawasalimu wote. Mimi ndiye mnayenijadili, na nimesoma kila neno.

Nina miaka 19 kazini. Sindano nilifundishwa na mzee mmoja wa maabara ambaye sasa amestaafu. Alinifundisha kufunga mpira na kutouacha mkononi zaidi ya dakika moja, kusubiri spiriti ikauke, na kuandika jina kwenye tyubu nikiwa bado mbele ya mgonjwa, nikishamuuliza jina lake mwenyewe alitaje. Hayo nayashika mpaka leo. La kumiminia sikufundishwa. Nimelijua hapa.

Nitasema jambo ambalo sikuwahi kulisema. Kuna siku nilikuwa namtoa damu mgonjwa anayetetemeka kwa homa. Wakati nachomoa sindano akavuta mkono, ikanichoma kidole gumba, ikapita glavu. Nikaenda bombani nikakamua kidole mpaka kikawa cheupe, nikafunga plasta, nikarudi kwenye foleni. Sikumwambia mtu. Nilijua swali la kwanza litakuwa, wewe ulikuwa unafanya nini na sindano? Kwenye barua yangu ya ajira kazi yangu ni usafi, kuandaa vyombo na kusindikiza wagonjwa. Nilihofia kufukuzwa kuliko nilivyohofia ugonjwa.

Usiku wa kwanza sikulala, wa pili sikulala. Siku ya tatu nikamwambia nesi mmoja ninayemwamini. Akanihesabia masaa kwa vidole. Zilikuwa zimebaki saa chache zifike 72, mwisho wa kuanza dawa za kuzuia virusi vya ukimwi. Nikapewa dawa za kinga, siku 28, nyumbani nikadanganya kuwa ni za tumbo. Namshukuru Mungu, nilipimwa mpaka mwisho niko salama.

Kijana wa Ngarenaro, mwanangu, sikunyang'anyi kazi. Ukiajiriwa kesho hapa kwetu nitakupokea kwa mikono miwili na nitakupisha. Lakini leo asubuhi hukuwepo, na mgonjwa alikuwepo.

Baba wa mtoto mwenye selimundu, Sakina, Arusha:

Mwanangu ana miaka 7 na amechomwa mara nyingi kuliko mimi maisha yangu yote. Mishipa yake imejificha. Naomba mnisamehe wataalamu, lakini anayempata kwa mara moja ni mama mmoja mhudumu, na wapo wenye koti jeupe waliomchoma mara 4 mtoto analia mpaka anatapika. Huku kwetu kila mwenye koti tunamwita dokta, hatuna njia ya kumjua nani ni nani. Mimi sidai shahada. Nadai kujua kwamba huyu anayemshika mwanangu kuna mtu aliyekaa akamtazama akichoma, akamhesabia, akaridhika. Na avae kitambulisho kinachosema hivyo.

Na iwepo kanuni ya mara 2. Ukikosa mara 2, mwachie mwenzio.

Mwanzisha mada:

Nimechelewa kujibu kwa sababu ujumbe wa Hai uliniweka kimya. Dada yangu, pole sana. Na kabla ya hoja yoyote: siku nyingine usikamue. Maji yanayotiririka na sabuni, basi, halafu dawa haraka iwezekanavyo, ndani ya saa chache, usingoje siku ya tatu. Ukimwi siyo hatari pekee. Kwa virusi vya ukimwi, kuchomwa na sindano ya mwenye maambukizi kunaambukiza kama mara 3 katika 1,000. Homa ya ini aina ya B, kwa asiyechanjwa, inaweza kufika mara 30 katika 100. Chanjo yake ni dozi 3. Kama hujachanjwa, tafadhali nenda.

Wewe umenipa hoja kubwa kuliko ile niliyokuja nayo. Mimi nilikuja na tyubu. Sikuwaza kwamba mtu asiyetambulika kwenye karatasi anaficha hata jeraha lake. Nani atamwandika kwenye daftari la ajali wakati hatakiwi kuwa na sindano mkononi?

Mdogo wangu wa Ngarenaro, hofu yako ya robo mshahara ni ya kweli na nimeiona kwa macho yangu. Kwa hiyo cheti kiwe na mipaka iliyoandikwa. Achukue damu tu. Asiguse hadubini, asisome majibu, asisaini. Awe chini ya mwenye leseni aliyepo pale kwa mwili wake, na maabara isiyo naye isiruhusiwe kuwatumia. Hapo fremu ya ukutani haitatosha. Kuhusu majimbo 4, uko sahihi, lakini hayo mengine yanayoachia mwajiri yana waajiri wanaodai vyeti vyao wenyewe kabla ya kumpa mtu sindano. Wa kwetu anadai nini? Kwamba umepatikana asubuhi hiyo.

Mfawidhi, la fedha sitalipamba. Sioni njia ya mhudumu wako kukaa Moshi wiki 2. Ninachokiona ni mjaribu kumfuata aliko. Saa za darasani zigawanywe mchana baada ya foleni, mishipa 50 ihesabiwe palepale kwenye zahanati, mwenye leseni akisaini kila mmoja. Kwa kliniki yako 50 haimalizi mwezi. Posho ya mjaribu ndiyo itakayogomba, na hiyo halmashauri lazima iitengee fungu, hakuna mkato.

Mfawidhi wa zahanati, Rombo:

Mjaribu akija kwangu, nitamlisha mimi. Hilo la halmashauri nitaamini nikiliona kwenye bajeti.

Mwenye diploma, Ngarenaro:

Mama wa Hai, nimesoma ujumbe wako mara mbili. Shikamoo, na naomba radhi kwa nilivyoandika. Chuoni walitufundisha la saa 72 siku ya kwanza ya mazoezi. Hatukuwahi kuambiwa kuna mtu anaogopa kusema.

Cheti bado nakipinga mpaka nione mipaka hiyo kwenye maandishi, na adhabu kwa mwajiri, siyo kwa mhudumu. Lakini jambo moja lisingoje cheti wala kanuni: yeyote aliyejichoma apewe dawa kwanza, asiulizwe leseni. Na nyongeza. Huyo mjaribu anayezunguka zahanati, kwa nini asiwe mmoja wetu tulioko nyumbani tukiwa na leseni?

Mwanzisha mada:

Hilo sikuwa nimelifikiria, na nalikubali moja kwa moja.

Mhudumu wa afya, Hai:

Marahaba mwanangu. Yamekwisha.

Mimi mtihani naukubali, nina ombi moja, uwe kwa Kiswahili. Mkono wangu hauogopi kutazamwa, ila maswali ya Kiingereza yatanifelisha kwa kitu ninachokifanya kila siku. Na kwa kuwa uko hapa, dada, ya zambarau nimeshaielewa. Ile ya bluu, mzee wangu alikuwa anagomba isipojaa hadi mstari, tunaimwaga tunarudia. Hakuwahi kuniambia kwa nini.

Mwanzisha mada:

Mzee wako alikuwa sahihi. Bluu ni ya kupima damu inaganda kwa muda gani. Dawa iliyomo imepimwa: sehemu 1 yake kwa sehemu 9 za damu. Ukijaza nusu, dawa inazidi damu, na damu itachelewa kuganda mle ndani kwa sababu ya tyubu, siyo kwa sababu ya mgonjwa. Fikiria mgonjwa wa moyo anayetumia vidonge vya kuzuia damu isigande. Majibu yatasema dozi yake imezidi, daktari ataipunguza, na yule mtu atarudi nyumbani na kinga pungufu. Kwa hiyo ukiona haikufika mstari, usiiongezee kutoka tyubu nyingine. Mwombe mgonjwa radhi, uchukue upya.