Dekoda kabatini, TV ukutani: jicho la waya, piramidi au ya waifai?

mjengo_kasarani: Wadau, habari za jioni. Namalizia nyumba, plasta inapigwa wiki ijayo. Mama watoto hataki kuona dekoda wala waya chini ya TV, kwa hivyo dekoda mbili na ampu vinahamia kabati la mbao kwenye korido. Rimoti haipenyi mbao. Huko Luthuli, kwa maduka ya elektroniki, nimeonyeshwa aina tatu za kufikisha ishara ya rimoti kabatini: jicho la waya (linashika mwanga wa rimoti hapo kwa TV, linaupeleka kwa waya hadi boksi lake, na vile vitaa vya kubandika vinaumulikia dekoda), piramidi mbili za redio, na kidude cha waifai unachoendesha kwa simu. Chumbani kuna TV ya pili. Mngechukua ipi?

fundi_stima_umoja: Ukuta bado uko wazi na unauliza? Pitisha waya. Jicho linataka nyaya tatu tu: moto, grandi na ishara. Cat6, ule waya wa intaneti, ina nane, zinazobaki utazihitaji siku moja. Ipe paipu yake, isikae pamoja na ya stima. Jicho la sebuleni na la chumbani yote yanaingia boksi moja. Piramidi ni za mpangaji.

mama_wawili_southb: Mpangaji ndiye mimi, fundi, na piramidi zangu zina miaka mitatu. Hiyo ya sebuleni inageuza mwanga wa rimoti kuwa redio, nyingi ni 433 MHz, inapita ukuta wa mawe, ya pili inaugeuza tena kuwa mwanga. Sikutoboa popote. Ila rimoti nyingi za geti ziko masafa hayohayo, na jioni watu wakirudi na magari hapa kwenye ploti, yangu hukwamakwama.

kiti_cha_nyuma: Mimi nilichukua ya waifai na najuta kidogo. Inashika 2.4 GHz pekee, na stima ikipotea ikarudi, lazima ungoje ruta iamke. Mzee wangu alikuja kutoka ushago akanigongea mlango wa bafu nimwekee taarifa ya saa moja. Rimoti alikuwa nayo mkononi! Haikuwa na kazi, kila kitu kiko kwa simu yangu.

mjengo_kasarani: 😂 Waifai imetoka. Fundi, hizo dekoda mbili ni za aina moja. Hazitagongana?

fundi_stima_umoja: Zitagongana, na hapo ndipo wengi hukwama. Ishara ya rimoti zake ni moja, ukibonyeza chaneli, dekoda zote mbili zinahama. Tafuta boksi lenye matundu ya kutolea ishara yaliyotengwa, jicho la sebuleni liende dekoda yake na la chumbani yake. Ukishabandika kitaa juu ya kidirisha cha dekoda, pale inaposhikia rimoti, kifunike kwa tepu nyeusi ya stima, la sivyo mwanga unaruka hadi kwa dekoda ya pili. Kidirisha chenyewe kisipoonekana, mulika kioo cha mbele kwa tochi, utaona kidoa kama punje ya dengu nyuma yake.

Jambo la pili ni plagi. Ya jicho ina pete mbili nyeusi, ya kitaa ina moja. Ukichomeka ya pete moja kwenye tundu la jicho, umegusanisha nyaya mbili. Na mpangilio haufanani kwa kila mtengenezaji, wengine 5V wengine 12V. Pima kwa mita. Mimi nilibahatisha nikachoma jicho la mteja, nikalipa kutoka mfukoni.

dirisha_la_magharibi: Niongeze moja. Jicho lisitazame dirisha. Rimoti nyingi huwasha na kuzima mwanga wake karibu mara 38,000 kwa sekunde ili jicho liutofautishe na mwanga mwingine, lakini jua la saa kumi na moja likilipiga moja kwa moja linapofuka. Kwangu ilikuwa kila jioni, fundi akija asubuhi kila kitu kinafanya kazi. Tulibishana wiki mbili.

mama_wawili_southb: @mjengo, kabla ya kununua chochote elekeza kila rimoti kwenye kamera ya selfi ubonyeze. Ikiwaka zambarau, ni ya mwanga. Yangu ya kijiti cha TV haikuwaka hata kidogo, ni Bluetooth, na hiyo hakuna jicho litakaloisaidia.

mjengo_kasarani: Nimejaribu sasa hivi. Dekoda zote mbili zinawaka. Ampu haiwaki.

fundi_stima_umoja: Badilisha betri kwanza.

mjengo_kasarani: Imewaka.