Tupeane uzoefu: marejeleo ya makala ya jarida yaliyowahi kukutoa jasho

Mhadhiri Mkavu
Wakuu, habari za jioni. Leo rafiki yangu karudishiwa makala na mhariri hata wahakiki hawajaiona, na sababu ni moja tu: marejeleo. Jarida linataka APA (mtindo wa kuandika marejeleo) toleo la 7, yeye kafuata mwongozo wa idara wa enzi za toleo la 6, kila kitabu kimepewa mji wake. Dar es Salaam: TUKI, Nairobi: fulani, London: fulani. Toleo la 7 lilipotoka 2019 lilifuta miji yote, ila mwongozo wa idara bado unatolewa fotokopi mpaka leo. Nikakumbuka mengi. Wewe yalikutesa wapi?

Binti Kasulu
Nimekaa hapa na kahawa. Hii mada ni yangu kabisa.

Nungunungu
Mimi ni wizara. Navuta taarifa mtandaoni kuingia Zotero, ile programu ya kupanga marejeleo, nikija kwenye Word "Wizara ya Afya" inatoka "Afya, W. ya". Ofisi ya Taifa ya Takwimu ikawa "Takwimu, O. ya T. ya". Msimamizi akaniuliza huyu Bwana Takwimu anafundisha chuo gani. Dawa yake ndogo: pembeni ya jina la mwandishi kuna kitufe cha kuunganisha visanduku viwili viwe kimoja. Taasisi haina jina la ukoo.

Mwana wa Mvita
Wizara ina nafuu. Muyaka bin Haji, mshairi wetu wa Mombasa, utamweka wapi? Programu inamtupa kwenye H: "Haji, M. bin". Haji ni babake! Mimi nilimweka kwenye M, mhariri akarudisha.

Profesa wa Kijiweni
Mhariri yuko sahihi. Mbona Shaaban Robert kila orodha anakaa kwenye R na hakuna anayelia?

Mwana wa Mvita
Si sawa hata kidogo. "Bin" ni mwana wa. Unamwita mtu kwa babake, halafu mwenyewe unamkata anabaki herufi M na nukta. Kwetu Mombasa huo ni ukosefu wa adabu.

Profesa wa Kijiweni
Adabu ipeleke barazani. Jarida lina mwongozo.

Mhadhiri Mkavu
Wakuu, taratibu, mada bado changa.

Daktari Mtarajiwa
Ngojeni niwape yangu, maana mpaka leo nikiona kile kidirisha cha Replace, cha kubadili neno kila lilipo kwenye hati, tumbo linanguruma.

Tuliandika taarifa fupi ya mgonjwa mmoja, mama mjamzito mwenye upungufu mkubwa wa damu. Marejeleo saba tu. Jarida ni la kitabibu, kwa hiyo mtindo ni Vancouver: ndani ya matini huweki jina wala mwaka, ni tarakimu ndogo juu ya neno, kwa kufuata zilivyotokea. Mhakiki katupenda, ila akataka tuongeze rejea moja kabla ya ile ya mwisho. Yaani 7 iwe 8, mpya ikae 7. Basi. Bosi wangu, ambaye ni mwandishi mwenza, akasema hatuna haja ya kuumiza kichwa. Akapeleka fleshi steshenari na kikaratasi: "7 iwe 8". Kijana wa pale akafungua Replace, juu akaandika 7, chini 8, akabonyeza ZOTE.

Na zote kweli zikabadilika. Mama wa miaka 27 akawa wa 28. Mimba ya wiki 37 ikawa ya 38. Hb, kile kipimo cha wingi wa damu, 6.7 ikawa 6.8. Mwaka 2017 ukawa 2018 kila ulipo, hadi kwenye orodha ya marejeleo. DOI (namba ya kudumu ya makala mtandaoni) za majarida ya PLOS huanza na 10.1371, zetu zikawa 10.1381, ukibofya hazifunguki. Kubwa kuliko yote: WHO wanasema upungufu mkubwa wa damu kwa mjamzito ni Hb chini ya 7. Sisi tukasema chini ya 8, na WHO tumewataja kwa heshima zote!

Bosi akaituma bila hata kulifungua faili. Kilichotuumbua ni jedwali. Lilikuwa limebandikwa kama picha, Replace haikuligusa. Mhakiki akaandika kwa ule upole wa kuua: "Mgonjwa wa kwenye jedwali na wa kwenye maelezo ni mtu mmoja?" Mhariri akataka rekodi za awali na maelezo ya maandishi kutoka kwa kila mwandishi. Walidhani tunapika data! Na mwandishi wa mawasiliano ni mimi, barua zote zinakuja kwangu, bosi yuko semina Arusha na simu hapokei.

Binti Kasulu
Weee! Usiishie hapo mkuu.

Kapu la Nukta
Mama alipona?

Daktari Mtarajiwa
Alipona, akajifungua salama. Makala ndiyo haikupona. Maelezo yetu waliyakubali lakini imani ilishatoka, tukaiondoa wenyewe.

Mama Lamination
Wasomi mna dharau sana. Mimi nina steshenari nje ya geti la chuo. Mtu anakuja usiku na tasnifu nene kama tofali, anaitaka asubuhi, "dada nipangie na marejeleo". Namuuliza APA au Harvard, ananijibu "weka ile nzuri". Kikaratasi kilisema 7 iwe 8? Basi kijana kafanya alichoagizwa.

Daktari Mtarajiwa
Dada yangu, kijana simlaumu. Namlaumu aliyemtuma.

Profesa wa Kijiweni
Tena Harvard yenyewe haina kitabu kimoja rasmi, kila chuo kina ya kwake. Hiyo "ile nzuri" inatosha kabisa.

Kapu la Nukta
Ukibadili namba kwa mkono, anza na ya mwisho urudi nyuma. Ukianza mbele, 7 inakuwa 8, 8 zote zinakuwa 9, mwisho makala nzima inarejelea kitabu kimoja.

Nungunungu
Usibadili kwa mkono KABISA. Zotero ni ya bure, unaingiza rejea katikati, namba zinajipanga zenyewe.

Kapu la Nukta
Zinajipanga mpaka uandike kwenye Google Docs halafu upakue kama Word. Viungo vyote vinakufa, yanabaki maandishi matupu.

Nungunungu
Kwa sababu umeruka hatua. Kwenye mipangilio ya Zotero ndani ya hati kuna sehemu ya kuhamia programu nyingine ya kuandikia. Pita hapo kwanza.

Chipukizi 01
Siku hizi si unaiachia AI tu inakupangia?

Binti Kasulu
Jaribu uone. Inakuletea mwandishi wa kweli, jarida la kweli, juzuu na kurasa zimenyooka, na makala yenyewe haipo duniani. Kila DOI ibandike doi.org kabla hujatuma.

Ukuti
Mimi kilichoniuma ni mzee wangu wa Pemba. Kanighania utenzi mpaka sauti ikakauka. Kwa APA mazungumzo binafsi hayaingii kwenye orodha, kwa hiyo mzee kabaki ndani ya matini, kwenye mabano, na tarehe. Aliyepita kijijini kwake wiki moja akachapa kurasa tano, huyo ana mstari wake na mlazo juu.

Mwana wa Mvita
Umeona sasa? Ndiyo haya nasema tangu mwanzo.

Profesa wa Kijiweni
Hayo ni mambo mawili tofauti, Mvita, usijifiche nyuma ya mzee wa watu.

Chipukizi 01
Samahani kuwakatiza, mwenzenu nina tarehe ya mwisho. Jarida la Kiswahili wanataka "na wenzake" badala ya et al., na Zotero inang'ang'ania Kilatini. Nafanyaje?

Nungunungu
Staili ni faili la CSL, lugha ya kuandikia mitindo ya marejeleo, linafunguka na kuhaririwa. Kwenye sehemu ya locale weka istilahi (term) ya et-al yenye neno lako, kisha badili jina na ID ya staili, la sivyo staili ikijisasisha kazi yako inafutika.

Chipukizi 01
Nimelifungua. Ni mistari tu ya mabano, sioni pa kuanzia.

Mama Lamination
Leta fleshi. Nafunga saa tano.