Kifurushi kimoja cha Netflix, nyumba mbili Tanga: "kaya" inahesabiwaje?

BintiDonge ameuliza:

Habari za jioni wakuu. Naomba mwongozo kabla hatujatoa hela. Tunataka kuchukua kifurushi kikubwa cha Netflix, kile cha skrini 4, tukichangie ndugu watatu. Mpangilio wetu ni huu:

Nyumba ya Chumbageni ina TV 2 na ruta 2 za laini, kila moja na mtandao wake. Moja ipo sebuleni, nyingine chumba cha nyuma kwa sababu waifai ya sebuleni haifiki huko.

Kwa mama, Ngamiani Barabara ya 13, kuna TV 1. Hakuna ruta, huwashiwa hotspoti ya simu ya yeyote aliyepo.

Mdogo wetu yuko chuo Dodoma, anatazama kwenye simu tu.

Vifaa vyetu ni 4 na skrini ni 4, kwa hiyo kwa hesabu yetu kinatosha. Ila nasikia habari za "kaya". Inapimwaje hasa? Na je, YouTube na Apple nao wana utaratibu huo huo?

---

FundiWaya_Makorora amejibu:

Dada, vizuri umeuliza mapema. Umechanganya hesabu mbili ambazo hazikutani.

Hesabu ya kwanza ni skrini. Skrini 4 maana yake watu wanne wanaweza kutazama kwa wakati mmoja. Ukiingia na simu kumi sawa, ila ya tano kubonyeza kitufe cha kucheza itaambiwa akaunti ina watu wengi. Kifurushi cha chini kina skrini 1, cha kati 2, kikubwa 4.

Hesabu ya pili ni kaya, na hii haihusiani na undugu wala na idadi ya skrini ulizolipia. Kaya kwa Netflix ni vifaa vinavyotumia intaneti ya mahali pamoja, pale mwenye akaunti anapotazamia siku zote, pamoja na watu anaoishi nao hapo. Jirani zetu Wadigo wakisema "kaya" wana maana ya nyumbani, na kampuni nayo imelichukua neno kwa maana hiyo hiyo nyembamba: nyumba moja. Mama yako ni mama yako, lakini TV yake ya Ngamiani ni kaya nyingine.

Wanaitambua kaya kwa anwani ya IP (namba ambayo intaneti yenu inaonekana nayo huko nje), namba za utambulisho za vifaa na mwenendo wa matumizi ya akaunti. GPS hawatumii. Mfumo haujui kama uko Chumbageni au Usagara, unachoona ni kwamba TV hii na simu ile zimetokea mlango mmoja wa intaneti. Kaya huwekwa kupitia TV. Usipoiweka mwenyewe, mfumo hujiwekea kulingana na unavyotumia.

Ushauri wa zamani wa "mpe paswedi tu aingie" ulikuwa kweli hadi walipobadili utaratibu. Walianza kujaribu Chile, Costa Rica na Peru mwaka 2022, Februari 2023 wakaingiza Canada, New Zealand, Ureno na Hispania, na Mei 2023 wakaeneza nchi zaidi ya 100. Kwa hiyo ukikuta maelezo ya kabla ya hapo, yapite.

Kwa mpangilio wako, yatakayotokea ni haya. TV ya mama itakubali siku za mwanzo, kisha itatoa ujumbe kwamba haimo kwenye kaya ya akaunti. Simu ya Dodoma itadumu muda zaidi, kwa kuwa simu na kompyuta za mkononi zinaruhusiwa kusafiri, lakini nazo zinatakiwa zirudi kwenye waifai ya nyumbani walau mara moja kwa mwezi, programu ifunguliwe hapo. Mwanafunzi anayerudi Tanga wakati wa likizo tu hawezi kutimiza sharti hilo.

---

BintiDonge:

Asante fundi wangu. Sasa hapo kwenye TV, si kuna namba ya kuthibitisha inatumwa? Mama akiipata kutoka kwetu si anaendelea?

---

FundiWaya_Makorora:

Namba ipo. Hutumwa kwa barua pepe au kwa ujumbe wa simu iliyosajiliwa kwenye akaunti, na hudumu dakika 15 tu. Hiyo ni njia ya mwenye akaunti aliye safarini: uko hotelini Pangani siku tatu, unaithibitisha TV ya hapo, unatazama, unaondoka. Kuifanya ndiyo maisha ya kila siku ya TV ya mama ni kumpa mtu kazi ya kushika simu kila jioni, na siku ambayo mwenye simu yuko kazini mama anakaa na skrini yenye ujumbe. Isitoshe, si matumizi iliyowekewa. Mimi sikushauri.

Kuna kosa lingine baya zaidi. Kwenye ujumbe ule kuna chaguo mbili, ya kutazama kwa muda na ya kusasisha kaya. Mtu wa Ngamiani akibonyeza ya kusasisha na mkampa uthibitisho, kaya inahamia Ngamiani, na TV zenu za Chumbageni ndizo zinaanza kukataa. Mkiirudisha, ya mama inakataa. Mnavutana hivyo hadi mchoke.

---

Raskazone_Mtandao amejibu:

Fundi ameeleza vizuri, naongeza kuhusu ruta 2 ndani ya nyumba moja, maana hapo pana tatizo ambalo wengi hawalioni. Ruta ya laini A ina IP yake na ruta ya laini B ina yake. Kwa mfumo hizo zinaonekana kama nyumba mbili, hata kama kati yake kuna ukuta mmoja. TV ya chumba cha nyuma inaweza kukataliwa wakati imo ndani ya nyumba halali.

Ziunganisheni TV zote mbili kwenye intaneti moja. Njia ni mbili.

Ya rahisi ni kifaa cha kurudia mawimbi ya waifai. Kiwekeni katikati ya safari, pale ambapo mawimbi ya sebuleni bado yana nguvu. Wengi hukiweka chumba cha nyuma kabisa, ambako hakuna cha kurudia, kisha wanasema kifaa kibovu. Tumieni bendi ya 2.4 GHz, inapenya kuta kuliko 5 GHz. Kama nyumba ni ya zamani yenye kuta nene za mawe na chokaa, kama zile za mjini karibu na bandari, hata hiyo itahangaika.

Ya uhakika ni waya. Vuteni kebo ya mtandao, ile ya Cat6, kutoka ruta ya sebuleni hadi chumba cha nyuma, mwisho wake muunganishe ruta ya pili iliyotolewa laini na kuwekwa kama kituo cha waifai tu. Maana yake mnazima kazi yake ya kugawa anwani za IP, na kebo inaingia kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani), si la WAN (la kupokelea intaneti ya nje). Mkiingiza kwenye WAN intaneti bado itafanya kazi, lakini vifaa vya chumba cha nyuma vitakuwa kwenye mtandao wao mdogo na simu ya sebuleni haitaiona TV ya huko ukitaka kurusha picha. Kebo moja inafika hadi mita 100 bila kifaa cha kati, kwa hiyo hata nyumba ya uani inafikika. Ikipita nje chukueni kebo ya nje yenye ganda jeusi, jua la hapa linaichanachana ile ya ndani.

Baada ya hapo hakikisheni. Unganisha simu kwenye waifai ya sebuleni, fungua tovuti yoyote inayoonyesha anwani yako ya IP, iandike. Nenda chumba cha nyuma, unganisha waifai ya huko, angalia tena. Zikilingana, kazi imekwisha. Zima data ya simu na VPN (programu ya kuficha anwani) kwanza, vinginevyo utasoma anwani isiyo ya nyumbani.

Kisha wekeni kaya rasmi: kwenye TV ya sebuleni fungua Netflix, nenda menyu ya msaada, tafuta sehemu ya kusimamia kaya, chagua kuthibitisha au kusasisha, omba kiungo kwa barua pepe au ujumbe wa simu, na ukifungue ndani ya zile dakika 15.

Jambo moja kuhusu ruta za laini: kampuni za simu huwapitisha wateja wengi kwenye anwani chache za IP, na anwani yako hubadilika ovyo, hasa umeme ukikatika na kurudi. Kwa kawaida TV za nyumba moja huhama pamoja, na mfumo unazitambua pia kwa namba zake, kwa hiyo msishtuke. Ikitokea ikauliza, thibitisheni tena kwa hatua hizo hizo. Mwenye faiba hapati usumbufu huu mara kwa mara.

---

Mdau_wa_Mkwakwani amejibu:

Tuje kwenye hela sasa, maana ndiyo swali lenyewe. Mimi naona kifurushi cha skrini 4 hamkihitaji. Picha ya 4K inataka TV ya 4K na kasi ya Mbps 15 hivi. Kwa HD kamili Mbps 5 zinatosha. Chumbageni kuna TV 2, kifurushi cha kati kina skrini 2. Mtakwama tu kama TV zote mbili zinacheza na mtu wa tatu anataka simu saa hiyo hiyo.

Kwa mama kuna njia mbili. Ya kwanza ni mwanachama wa ziada: mwenye akaunti anamlipia nafasi, naye anapata akaunti na paswedi yake mwenyewe. Kifurushi cha kati kinaruhusu 1, kikubwa hadi 2. Anatazama kwenye kifaa kimoja kwa wakati, na lazima awe nchi moja na mwenye akaunti, jambo ambalo kwenu halina tatizo. Huduma hii haipo kila nchi wala kwa kila namna ya malipo. Ingia kwenye ukurasa wa akaunti kwa kivinjari, tazama kama kuna sehemu ya kuongeza mwanachama. Kama haipo, basi huwezi, na usimwamini anayekuuzia "nafasi" mtaani.

Ya pili ni kumchukulia kifurushi cha chini cha jina lake: skrini 1, picha ya 720p. Kwa TV ya kawaida ya inchi 32 macho hayalalamiki. Hiki ndicho ningechagua, mradi barua pepe au namba ya simu ya akaunti iwe ya mtu aliye karibu naye, kwa sababu hotspoti ikiwa leo ya simu hii na kesho ya nyingine, TV inaweza kuomba uthibitisho.

Mdogo wenu wa Dodoma atazame kifurushi cha simu kama kimo kwenye orodha mtakapofungua akaunti. Ni kifaa 1, 480p, simu au tableti peke yake, na hakirushi picha kwenye TV.

Halafu bando la mama. Netflix kwenye HD inakula hadi GB 3 kwa saa. Filamu ya saa 2 ni GB 6, na hiyo kwa hotspoti ni msiba. Ingieni kwenye akaunti kwa kivinjari, fungueni profaili yake, mipangilio ya uchezaji, muweke kiwango cha kati: GB 0.7 kwa saa, filamu ile ile inakuwa GB 1.4. Kiwango cha chini ni GB 0.3 kwa saa, GB 0.6 kwa filamu, ila sura za watu zinaanza kufifia. Mpangilio huu ni wa profaili moja moja, ukibadili yako ya mama haibadiliki.

Malipo: kadi ya mtandaoni ya kampuni ya simu inakubalika, lakini hela iwemo kabla ya siku ya kukatwa na izidi kidogo, kwa sababu kiwango cha kubadilisha fedha hakisimami. Katikati ya wachangaji watatu, mchango ukusanywe siku tatu kabla, maana malipo yakigoma wote mnazimiwa.

---

Raskazone_Mtandao:

Nimalizie la YouTube na Apple lililosahaulika. YouTube Premium ya familia: msimamizi na watu 5, kila mmoja na akaunti yake ya Google, wote anwani moja ya makazi na nchi moja, na mfumo hukagua kila siku 30. Angalieni mnamwingiza nani, kwa sababu mtu anaweza kuhama kikundi cha familia mara moja tu ndani ya miezi 12. Apple: jumla watu 6 pamoja na mwanzilishi, kila mtu na akaunti yake. Hapo muwe makini na kipengele cha kuchangia manunuzi: kikiwashwa, anachonunua mtoto kinakatwa kwenye kadi ya mwanzilishi.

---

BintiDonge:

Shukrani sana kaka zangu. Kwa hiyo: kifurushi cha kati Chumbageni, kebo ya Cat6, cha chini kwa mama, cha simu kwa mdogo. Swali la mwisho: mama tayari ana profaili kwenye akaunti ya zamani ya kaka, na orodha yake ya tamthilia anaipenda. Akifunguliwa mpya inapotea?

---

FundiWaya_Makorora:

Haipotei. Kuna huduma ya kuhamisha profaili tangu Oktoba 2022. Kaka aiwashe kwenye mipangilio ya akaunti yake, achague profaili ya mama, aweke barua pepe mpya. Historia ya kutazama, mapendekezo na orodha yake vinahama. Fanyeni hivyo kabla ya kufuta chochote kule kwa kaka. Mama akishaingia na kuona tamthilia zake zipo, ndipo kaka abadilishe paswedi na achague kuviondoa vifaa vyote vilivyoingia.