Njia ya pwani si ya kuombwa

Assalaam alaykum. Aliyeanzisha mada ameuliza: hoteli zikipewa ufukwe wote, sisi wenyeji tunakosa nini, madhali ajira zipo? Namjibu kwa niliyoyaona.

Utotoni, tukitoka chuo cha Kurani alasiri, tulikuwa tukiteremka Shangani, mtaa wa pwani wa Mji Mkongwe, Zanzibar, kwa kichochoro chembamba. Karibu na mchanga palikuwa na duka la mzee mmoja. Juzuu zetu akiziweka rafu ya juu kabisa, kandambili nyuma ya gunia la mchele. Hakikupotea kitu hata siku moja. Maji yakijaa tunachupa, yakipwa tunacheza mpira mpaka adhana ya magharibi. Tukirudi, midomo ina chumvi, tunampitia kwa ubuyu wa mkopo. Deni aliliandika kwa chaki nyuma ya mlango, kwa majina ya mama zetu, si yetu.

Mwaka jana nilimpeleka mwanangu. Dukani sasa ni vinyago na vikoi. Mwisho wa kichochoro pana kamba na mlinzi, kijana wa mtaani kwetu. Akaona haya: "Shikamoo ami, huku sasa ni wageni tu." Mwanangu alikuwa keshavua viatu.

Mimi sipingi hoteli. Ndugu zangu wanakula kwa hoteli. Lakini ardhi ya Zanzibar ni ya umma, sheria ya mwaka 1992 imesema hivyo. Mwekezaji hukodishwa, hauziwi. Basi mwenye mali aweke sharti kwenye mkataba: njia ya kufika pwani ibaki wazi. Mvuvi na dema lake, mtego wake wa samaki, apite, mama wa mwani apite, mtoto apite.

Kuna aliyeandika hapa kwamba penye wenyeji mgeni hakai. Aende bustani ya Forodhani, pale pale Mji Mkongwe. Ilitengenezwa upya, ikafunguliwa 2009 bila ya kuwafungia watu nje. Jioni watalii wamekaa nasi wanakula urojo, na vijana wanachupa baharini kutoka ukutani huku wageni wanawapiga picha. Huyo ndiye mgeni asiyekaa?

Duka la yule mzee sitalipata tena, nalijua hilo. Njia bado inadaiwa. Wa Nungwi, Paje na Jambiani, na nyinyi wa Pemba mnaoanza kujengewa: kwenu mnapita wapi kufika majini? Na yupo aliyewahi kuuona mkataba uliotaja njia ya wenyeji?