Shaboozey wiki 19 namba moja, ngoma ya mwaka wakampa aliyekaa wiki moja?

kasuku_wa_ngoma
Wakuu habari za mchana, naombeni kueleweshwa maana hapa kijiweni tumebishana na jamaa yangu hadi kahawa imepoa. Ni hivi, 2024 kwenye Billboard Hot 100, ile chati ya kila wiki ya ngoma mia bora Marekani, Shaboozey na ngoma yake A Bar Song alikaa namba moja wiki 19, akafikia rekodi ya Lil Nas X ya 2019. Kuja kutoka chati ya mwaka mzima, ngoma ya kwanza ni Lose Control ya Teddy Swims ambayo ilishika namba moja wiki MOJA tu, mwezi wa tatu. Jamaa anasema ni figisu, eti kisa Shaboozey wazazi wake Wanigeria. Mimi figisu siioni ila na hesabu yenyewe siioni. Imekaaje hii?

bi_mshale
Hamna figisu hapo. Chati ya mwaka haiangalii umekaa kileleni wiki ngapi, wanajumlisha pointi za kila wiki uliyokuwemo kwenye mia bora, uwe wa pili au wa sabini zote zinaingia. Teddy Swims aliingia chatini tangu 2023, akapanda mdogo mdogo zaidi ya miezi sita ndo akafika juu, na alivyoshuka hakwenda mbali, akaganda kumi bora. Ni kama ligi tu, kuna timu inapiga watu tano bila na kuna nyingine inaokota pointi kila wikiendi.

Halafu mwaka wa Billboard hauanzi Januari, mahesabu yanafungwa Oktoba. Shaboozey kaachia ngoma Aprili, kashika namba moja Julai, wiki zake za mwisho kileleni ni Novemba, kwahiyo zile zikahamia mahesabu ya 2025. Na bado alimaliza wa pili!

fundi_spika
Niongezee hapo, 2021 ngoma ya mwaka ilikuwa Levitating ya Dua Lipa na haikuwahi kufika namba moja hata siku moja, iliishia ya pili. Hot 100 wanachanganya strimu, mauzo na redio, sasa redio za Marekani zikishaipenda ngoma zinaipiga mpaka unaichukia, na hapo ndo Lose Control ilipotokea. Ilikuja kupitisha wiki 100 ndani ya chati, haijawahi kutokea kabla yake.

kasuku_wa_ngoma
Sasa kama ni hivyo namba moja ya wiki ina faida gani?

mzee_wa_kanda
Sifa mzee, na sifa inauza shoo. Ila namba moja ya wiki mara nyingi ni suala la nani kaachia kazi wiki ipi. Angalia mwanzo wa 2024 walivyopokezana, Ariana Grande, Megan Thee Stallion, Beyoncé wiki mbili, Kanye wiki moja, mashabiki wananunua na kustrimu siku za mwanzo kama wendawazimu halafu wanapoa. Shaboozey mwenyewe wiki zake hazikufuatana kama za Lil Nas X, Julai Kendrick alirudi na Not Like Us akamkalia wiki moja, Novemba akaja Morgan Wallen. Alipofikisha 19, Kendrick huyo huyo akadondosha albamu ya GNX bila taarifa, Squabble Up ikaingia moja kwa moja namba moja, wiki ya 20 ikaota mbawa. Rekodi angeibeba peke yake. Mimi hiyo ndo iliniuma, sio mambo ya Teddy.

kasuku_wa_ngoma
Asanteni sana wakuu. Nimemsomesha jamaa yote haya, figisu kaacha, sasa kahamia kwingine eti hizo wiki 19 agawane na J-Kwon maana kiitikio kimetoka kwenye ngoma yake Tipsy ya 2004 😂

bi_mshale
Mwambie J-Kwon jina lake lipo kwenye watunzi, mgao anaupata. Na Tipsy yake 2004 iliishia namba mbili.